Jenereta ya shokapu inatoa umeme lakini matumizi ya mafuta hayapungui: namna ya kutafuta kosa

Mwongozo huu ni wa fundi aliyefunga jenereta ya shokapu, yaani kifaa kinachogeuza kupanda na kushuka kwa tairi kuwa umeme, kwenye gari, liwe lake au la mteja, na sasa mambo hayaendi. Umeme hautoki kabisa. Au unatoka, ila betri haijai. Au betri inajaa vizuri, lakini dereva akirudi pampu anaweka lita zilezile. Kwa dereva hayo yote ni lalamiko moja: "Fundi, hiki kitu hakifanyi kazi." Kwa fundi ni makosa yaliyo mbalimbali sana, na ukichanganya utabadilisha spea mpaka mteja achoke.

Kabla ya kushika spana, liweke hili kichwani: umeme wa shokapu haujatoka hewani. Gari likiingia shimo la mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, injini ndiyo iliyolisukuma lidumbukie na kupanda tena, na injini imetumia petroli kufanya hivyo. Shokapu ya kawaida huichukua nguvu hiyo, huisukuma oili ipite kwenye matundu membamba ya valvu, na nguvu yote hugeuka joto. Ukitaka kuthibitisha, endesha nusu saa kwenye njia za vumbi za mashamba ya mkonge, simama, iguse shokapu kwa mgongo wa mkono. Utaikuta ya moto. Joto hilo ni mafuta uliyolipia, na jenereta inajaribu kurudisha sehemu yake kabla halijapotea.

Kwa hiyo kosa lolote liko mahali fulani kwenye mnyororo mmoja. Tairi linapanda na kushuka, mwendo unazungusha sumaku, koili inatoa umeme, daiodi zinaunyoosha, volti inashinda ile ya betri, oltaneta (jenereta ya kawaida ya gari, inayozungushwa na injini) inapunguziwa kazi, injini inakunywa kidogo. Tunaufuata mnyororo huo kuanzia kwenye tairi.

Hakuna umeme kabisa

Anza na mkono. Chomoa nyaya za jenereta kwenye rektifaya (zile daiodi za kunyoosha umeme), weka mita upande wa AC, mwenzako abonyeze bampa kwa uzito wake wote na kuachia. Tarakimu zikicheza, jenereta ni nzima na kosa liko mbele yake: daiodi imekufa, fyuzi imekatika, au mguso umeoza.

Zikibaki sifuri, usikimbilie kufungua kifuniko. Toa bolti ya chini ya jenereta ili uweze kuisukuma na kuivuta kwa mkono, kisha unganisha nyaya zake zenyewe kwa zenyewe. Jenereta nzima ikifungwa hivyo huwa nzito ghafla, kwa sababu umeme inaouzaa unazunguka ndani ya koili na kuupinga mwendo uliouzaa. Ukisikia uzito huo ilhali mita ilisoma sifuri, ichunguze mita yako kwanza. Uzito usipobadilika, ama koili imekatika, ama gia inateleza kwenye shafti na sumaku imesimama palepale. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha gharama, na mimi huliamini kuliko mita nyingi za bei rahisi.

Sehemu inayokatika mara nyingi ni waya, si jenereta. Waya unaofuata mkono wa tairi hukunjwa kwenye kila tuta na kila shimo. Shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Uvute polepole kwa vidole: palipokatika patanyooka kama mpira. Weka waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, uachie tanzi la kutosha, na ufunge pande zote mbili ili mkunjo usirudie sehemu moja.

Mita inaonyesha volti, betri haijai

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanabonyeza bampa, wanaona volti 18 au 20, wanafurahi, wanafunga boneti. Wiki ikiisha betri iko vilevile.

Gari la volti 12 likiwa linawaka, oltaneta huishikilia betri kati ya volti 13.8 na 14.4. Umeme wa jenereta hauwezi kuingia mpaka uizidi volti hiyo. Tena kabla ya kufika huko unapita kwenye briji ya daiodi nne, na kila wakati unapitia daiodi mbili. Daiodi za kawaida za silikoni hula volti 0.7 kila moja. Jumlisha 14.2 na 1.4. Chini ya volti 15.6 haipiti ampea hata moja.

Sasa fikiria barabara. Volti ya jenereta hufuata kasi ya shokapu kupanda na kushuka. Ikiwa shokapu inakwenda sentimita 30 kwa sekunde na jenereta ikatoa volti 20, basi kwenye lami nzuri ya kwenda Segera, ambako mwendo unaweza kuwa sentimita 10 kwa sekunde, itatoa chini ya 7. Mita inazisoma. Betri haizioni. Ulipobonyeza bampa kwa nguvu zako zote uliiga shimo kubwa, ukadhani barabara nzima ni mashimo.

Tiba ziko tatu, na si sawa. Unaweza kubadilisha daiodi za silikoni uweke za Schottky, ambazo zote mbili kwa pamoja hula chini ya volti moja; ni rahisi, fanya hilo kwanza. Unaweza kuongeza uwiano wa gia ili sumaku izunguke kasi zaidi, lakini soma kwanza sehemu ya kugonga hapo chini. Tiba kamili ni saketi ya kupandisha volti, inayokusanya volti ndogo kwenye kapasita na kuzitoa zikiwa juu ya 14. Bila saketi hiyo, jenereta ya gari dogo itafanya kazi kwenye barabara mbovu pekee.

Halafu acha kupima volti. Pima umeme ulioingia kwa safari nzima. Zile mita za wati-saa zinazotumika kwenye sola ndogo zinafaa kabisa: ifunge kati ya rektifaya na betri, endesha, rudi usome. Volti ni ahadi tu. Wati-saa ndizo zilizofika.

Betri inajaa, pampu haioni tofauti

Hili ndilo lalamiko lililonisukuma kuandika, kwa sababu ndilo linalovunja watu moyo bila sababu, na pia ndilo linalotumiwa kuwauzia watu uongo. Nenda nalo taratibu.

Jiulize kwanza ulitegemea nini. Mwaka 2016 Audi walionyesha mfumo wao wa eROT, wenye jenereta za kuzunguka badala ya shokapu za oili, unaotumia umeme wa volti 48. Kwa majaribio yao kwenye barabara za Ujerumani, wastani ulikuwa wati 100 hadi 150. Kwenye lami mpya walipata wati 3. Kwenye barabara mbovu, wati 613. Na faida waliyoitaja ilikuwa kupunguza hewa ya kaboni kwa hadi gramu 3 kila kilomita. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa hiyo, kwa hiyo gramu 3 kwa kilomita ni kama lita 0.13 kwa kilomita 100. Profesa Lei Zuo na wenzake, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walikadiria kwamba shokapu za gari dogo kwa mwendo wa karibu kilomita 97 kwa saa, kwenye barabara nzuri na za wastani, zina wati 100 hadi 400 za kuvunwa.

Hesabu ya karatasi inakubaliana nao. Chukua shokapu yenye ugumu wa nyutoni 1,500 kwa kila mita moja ya mwendo kwa sekunde. Ikienda sentimita 20 kwa sekunde, inaunguza wati 60. Magurudumu manne, wati 240. Gia, koili na daiodi zikila nusu, unabaki na 120. Oltaneta hupoteza karibu asilimia 40 ya inachopewa na mkanda, kwa hiyo kuiondolea wati 120 ni kuiondolea injini kama wati 200. Injini ya petroli nayo hugeuza karibu robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, kwa hiyo umeokoa kama wati 800 za petroli, sawa na lita 0.09 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hiyo ni lita 0.15 kwa kilomita 100. Gari linalokula lita 8 kwa umbali huo limeokoa chini ya asilimia 2.

Daladala inayozunguka kilomita 200 kwa siku itaokoa kati ya robo na theluthi moja ya lita. Ni kitu, na kwa mwaka mzima kinaonekana. Ila mtu akikuahidi nusu ya mafuta, muulize nguvu hiyo inatoka wapi, maana kwenye shokapu za gari dogo haimo.

Ukishakubali kiasi, pima kama kweli kimefika kwenye injini. Weka mita ya koleo, ile inayosoma DC, kwenye waya mnene unaotoka oltaneta. Washa taa kubwa na feni, piga njia mbovu. Jenereta ikisukuma ampea 8, oltaneta inatakiwa ishuke kwa ampea kama 8. Isiposhuka, umeme unaishia kwenye betri yenyewe. Betri iliyochoka hupokea umeme na kuugeuza joto; iguse ubavuni, ikiwa ya moto ilhali imeshajaa, ibadilishe kabla hujailaumu jenereta. Na kama gari lina betri mpya, taa zimezimwa na redio haipigi, oltaneta ilikuwa haina kazi ya maana tangu mwanzo. Huwezi kuipunguzia mzigo ambao haujaubeba.

Magari ya karibuni yana jambo moja la ziada. Kwenye kichwa hasi cha betri kuna sensa ndogo inayoieleza kompyuta ya gari ni ampea ngapi zinaingia na kutoka. Ukifunga waya hasi wa jenereta juu ya kichwa hicho moja kwa moja, umepita nyuma ya sensa. Kompyuta haiujui umeme wako na inaamrisha oltaneta iendelee kama kawaida. Hasi ya jenereta ifungwe kwenye bodi ya gari.

Baada ya hapo, angalia vitu vinavyokula zaidi ya kile unachovuna. Upepo wa tairi ndio wa kwanza. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote huongeza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha asilimia 0.2. PSI 10 pungufu ni asilimia 2, yaani faida yote ya jenereta imekwisha, na dawa yake ni kupita kwa mjaza upepo. Breki zinazoshika zinafuata: inua gari kwa jeki, zungusha kila tairi kwa mkono, linalosimama mapema lina kaliper iliyoganda. Kisha alaimenti. Nasema kwa moyo wote, gari ambalo haya matatu hayajakaguliwa halistahili kufungwa jenereta, kwa sababu unamtoza mteja pesa ya kurudisha tone huku ndoo inavuja.

Na upimaji wenyewe uwe wa haki. Asilimia 2 hufichwa kirahisi na upepo wa kusi ukikupiga usoni, na abiria wawili waliozidi, na dereva aliyekuwa na haraka siku ile. Weka swichi ya kukata jenereta. Jaza pampu ileile mpaka ikate yenyewe, njia ileile, dereva yuleyule, siku moja swichi imewashwa, inayofuata imezimwa, ukipokezana hivyo kwa muda. Kulinganisha matumizi ya masika na ya kiangazi hakukuambii kitu.

Liko kosa jingine linaloniumiza: dereva anayetafuta mashimo. Ameona mita inapanda kwenye njia mbovu, basi anaacha lami na kupiga kasi kwenye vumbi. Kila wati anayoiona imelipiwa na petroli zaidi ya wati moja, na juu yake anakula bushi, boljointi na tairi. Mkalishe chini umweleze.

Kwa malori hesabu inabadilika. Wanafunzi wa MIT walioanzisha Levant Power walieleza mwaka 2009 kwamba lori zito lenye shokapu sita linaweza kutoa hadi wastani wa kilowati moja kwa kila shokapu kwenye barabara ya kawaida, kiasi cha kuiachia oltaneta kubwa ipumzike. Uzito ndio unaofanya kazi hapo. Kampuni yao baadaye ikaitwa ClearMotion na ikaelekeza nguvu kwenye kulituliza gari, si kwenye mafuta. Kwa hapa Tanga, lori la kubeba mawe ya chokaa au mkonge lina cha kuvunwa kuliko Noah ya abiria. Ila mengi ya malori yetu yana springi za majani, na majani yale yakisuguana hula sehemu ya nguvu kabla shokapu haijaiona. Kagua kwanza kama nyuma kuna shokapu yoyote iliyobaki.

Gari linadunda, tairi linaruka

Hili usiliache mpaka kesho. Jenereta inatuliza gari pale tu umeme unapopata pa kwenda. Betri ikijaa na saketi ikakata, au waya ukikatika, utulizaji unapotea papo hapo. Tairi linaanza kuruka, linaachana na barabara, na tairi lisilogusa barabara halisimamishi gari hata ukikanyaga breki mpaka mwisho.

Bonyeza bampa uachie. Gari linatakiwa lipande mara moja na kutulia. Likidunda mara mbili, tatu, kata swichi ya jenereta na ujaribu tena. Hali ikiwa ileile, shokapu ya oili imekufa. Ikiwa mbaya zaidi, jenereta ilikuwa inabeba kazi isiyo yake. Ushauri wangu hauna masharti: kwa kazi ya gereji, shokapu ya oili isitolewe. Jenereta ikae pembeni yake kama msaidizi. Weka pia rizista kubwa ya kumwagia umeme betri inapojaa, ili saketi isiwahi kubaki wazi.

Kipimo cha joto nacho kinasaidia hapa. Baada ya njia mbovu, gusa shokapu zote nne. Iliyo baridi wakati wenzake ni wa moto haifanyi kazi.

Linagonga au limekuwa gumu kwenye rasta

Kata swichi. Ugumu ukipungua, mzigo wa umeme ni mkubwa mno, ongeza ukinzani. Ugumu ukibaki, ni uzito wa sumaku inayozunguka. Kila tuta dogo linailazimisha igeuke ghafla, nayo inakataa. Uwiano wa gia ukiuzidisha mara mbili, ukaidi huo unaongezeka mara nne, na ndiyo maana nilisema usikimbilie kuongeza gia kutafuta volti.

Mlio wa "ko" kila tairi linapogeuza mwendo ni nafasi kati ya meno ya reki (chuma kirefu chenye meno) na pinioni (gia ndogo inayozungushwa nayo). Timu ya Zuo iliondoa tatizo la kugeukageuka kwa kuweka klachi mbili za upande mmoja, zinazofanya kazi kama frii wili ya baiskeli, ili jenereta izunguke upande mmoja tu, tairi likipanda au likishuka. Fundi mwenye mashine ya kuchonga anaweza kuijaribu. Asiye nayo akaze reki, aweke grisi, na akague bushi za juu na chini kabla ya kulaumu gia.

Fyuzi inaungua, au taa ya injini inawaka

Mara nyingi kichwa cha betri kimelegea. Betri ikitengana na saketi kwa nukta moja, jenereta inarusha volti za juu moja kwa moja kwenye kompyuta ya gari. Kaza vichwa, weka daiodi ya zena au varista kwenye njia ya kutokea. Usiongeze ukubwa wa fyuzi.

Ilikuwa nzima mpaka masika yalipoingia

Gari linalolala Raskazone au Sahare linapumua chumvi usiku kucha, na jenereta ya shokapu inakaa mahali pabaya kuliko vyote, ndani ya ukuta wa tairi, penye maji na matope. Dalili huanza kwa umeme kushuka kidogo kidogo, kisha kurudi gari likikauka, kisha kutorudi. Fungua viunganishi: ukiona kutu ya kijani, kata, menya upya, lehemu, vika mpira wa kubana kwa joto. Kuunganisha kwa kusokota na kufunga tepu hakudumu pwani.

Angalia na sili ya rodi. Ikipasuka, maji huingia pamoja na vumbi la chuma kutoka kwenye breki, na vumbi hilo hukusanyika juu ya sumaku mpaka linasugua koili. Safisha kwa tepu yenye gundi, maana kitambaa hulisambaza. Sumaku za neodimiamu hupakwa nikeli kwa sababu zenyewe huoza haraka; penye mkwaruzo paka epoksi siku hiyohiyo. Na zile za daraja la kawaida hupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80, kwa hiyo gari linaloshuka Lushoto kwenda Mombo huku breki zikichemka liwekewe bamba la kukinga joto kati ya diski na jenereta. Sumaku iliyodhoofika kwa joto haipatiwi dawa kwenye gari. Ilinganishe na ya upande wa pili kwa mita na kasi ileile ya mkono. Ikiwa chini sana, itoe uweke nyingine.